Vidole vya Mgweno Wangu

Haya, mliokaa kule nyuma sogeeni, huku mbele hatozwi mtu nauli! Wazee wangu, shikamooni. Nanyi mabinti mliokaa sakafuni na soksi zenu nyeupe, marahaba, maana najua shikamoo zenu zimekwama kooni kwa aibu. Wazazi mnaowaleta watoto hapa ukumbini kujifunza kucheza, poleni na jua la Same, jua lisilojua kwamba watu wanapumzika. Mwenyekiti kanipa dakika kumi. Mwenyekiti mwenyewe Mchaga, mtani wangu mimi Mpare, kwa hiyo nitasema ishirini na hana la kunifanya.

Mnaniona nilivyo. Mlango ule nimeingia kwa ubavu. Nani kati yenu angeamini kwamba mwili huu uliwahi kucheza bale? Eeh, chekeni tu! Bale, ile ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu, mikono juu kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Nilikuwa mwembamba, ndugu zangu, upepo ukivuma kutoka nyika ya Mkomazi mama ananifunga kwenye nguzo pamoja na mbuzi. Haya, hapo nimetia chumvi. Lakini yanayofuata sitii hata chembe, na jina la mtu sitaji, maana wengine wako hai na wengine wamelala.

Ilikuwa miaka ile ya shida. Wenye umri wangu mnaijua. Sabuni inakatwa vipande kama mkate, sukari mpaka mgawo, unga ni ule wa njano. Baba yangu alikuwa anakata mkonge kwenye shamba moja huku bondeni, lenyewe silitaji. Tulikaa nyumba za wafanyakazi na watu wa kila kabila, Wamakonde, Waha, Wanyaturu, na sisi wenye milima yetu tunaitazama kutoka chini kama wageni. Shamba lilikuwa na kikundi cha utamaduni cha kukaribishia wakubwa, ngoma na maigizo.

Basi shamba likampeleka kijana wake mmoja nchi za baridi akasomee mitambo ya kuchakata mkonge. Kakaa huko miaka. Aliporudi, mitambo haijui, hata mashine ya kusaga haijui, lakini anatembea kwa ncha za vidole! Kumbe kule alikuwa anatoroka darasani anakwenda kuchungulia bale. Meneja alitaka kumfukuza, ila siku moja wakaja wageni, kijana akaruka pale uwanjani, akazunguka kama pia, wageni wakapiga makofi mpaka viganja vikavimba. Meneja akasema, "Huyu mashine aachane nazo. Mpeni mabinti awafundishe."

Tukachaguliwa mabinti tisa. Na niseme ukweli, mama hakunipeleka kwa ajili ya kucheza. Binti wa bale alikuwa anapata mgawo wake: mchele, maharage, sukari, mche wa sabuni. Nyumbani tulikuwa watoto sita. Siku niliporudi na sukari ya kwanza mama aliificha chini ya kitanda, halafu akakikalia kitanda.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alitupenda kama seremala anavyopenda ubao, akiona panapozidi anapiga randa. Viatu vya bale vingetoka wapi wakati ule, kandambili zenyewe shida? Akashona mwenyewe. Juu turubai, na ncha akaishindilia katani, akaigandisha kwa gundi ya seremala. Kikikauka kiatu kile unaweza kukipigilia msumari. Tulijifunzia kwenye ukumbi wa wafanyakazi, tumeshika bomba la maji lililofungwa ukutani, yeye anagonga sakafu kwa fimbo. Moja, mbili, tatu, nyanyuka! Moja, mbili, tatu, nyanyuka!

Halafu kulikuwa na mizani. Kila Jumatatu tulipelekwa ghalani, kwenye mizani ya ndoano inayopimia marobota ya katani. Unapitishwa kamba kwapani, unaning'inizwa. Mwalimu alikuwa amechora alama ya chaki. Mshale ukivuka chaki huchezi, na wiki hiyo mgawo huuoni. Wapakiaji wanasimama pembeni wanatutania, "Robota hili daraja la ngapi?" Na sisi tunacheka. Tumening'inia pale kama nyama buchani, tunacheka.

Nikaanza kuacha kula. Mnaona mambo yalivyopinda? Nalipwa chakula ili nisile. Naleta maharage nyumbani, mama anapika makande, wadogo zangu wanagombania, mimi nasema, "Nimeshiba huko huko." Nikajifunga tumbo kwa kamba ya katani ili njaa ikose pa kugeukia. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Mambo ya kike yakakatika miezi minne. Mama akanibana jikoni.

"Sema, mimba ya nani?"

"Sina mimba, mama."

"Nasema ya nani!"

"Ya mizani!"

Mwiko niliopigwa, alama yake hii hapa.

Sasa nije kwa mwenzangu. Kati yetu tisa alikuwepo binti wa kijiji cha Kighare, Ugweno kule juu ya Mwanga. Alikuwa anakaa kwa mjomba wake, karani pale shambani. Mimi nilimwita Mgweno. Kipare changu yeye hakijui, na Kigweno chake kwangu kilikuwa kama redio iliyokosa stesheni, basi tukikutana ni Kiswahili, tena cha kuvunjavunja. Wakati wa mapumziko tulilala mkeka mmoja. Nikianguka ananicheka kwanza, ndipo ananiinua. Jamani, alikuwa anajua kucheza yule! Sisi tulikuwa tunaruka. Yeye alikuwa anaruka halafu anasahau kushuka.

Tukatangaziwa kwamba kikundi kitakwenda Dar es Salaam kucheza mbele ya wakubwa, na atakayecheza mbele ataajiriwa moja kwa moja. Wa mbele ni mmoja. Kila mtu alijua ni Mgweno. Wa pili wake nilikuwa mimi.

Siku moja baada ya mazoezi tumekaa nyuma ya ukumbi, akavua kiatu. Ukucha wa dole gumba umeinuka kama kifuniko cha sufuria. Chini yake unyuzi wa katani umezama kwenye nyama, pameiva usaha.

"Mgweno, hiki kidonda cha zahanati."

"Nyamaza wewe. Nikienda zahanati Mwalimu ataambiwa. Wiki mbili tu. Tukirudi kutoka Dar nitakwenda."

"Kinanuka, mwenzangu."

"Na wewe unanuka jasho, mbona sijakupeleka zahanati?"

Tukacheka. Nikachana upindo wa kanga ya mama nikamfunga. Akaniapisha nisiseme kwa mtu, nikaapa.

Ndugu zangu, nawaambia mbele ya Mungu na mbele ya watoto hawa. Nikifika hapa, watu huniambia, ulinyamaza kwa upendo. Ni kweli, nilimpenda. Lakini pembeni ya upendo palikuwa na kitu kingine kimekaa kimya. Kila asubuhi pale kwenye bomba nilikuwa namwangalia mguu. Akichechemea, nahesabu. Najisemea moyoni, bado kidogo tu, mbele ni pangu. Mungu alinisikia nikijisemea, na mimi nilijisikia.

Asubuhi moja Mwalimu akamwuliza jambo, hajibu. Anatabasamu tu, meno yamebana, tabasamu la ajabu kama la kinyago. Mwalimu kakasirika.

"Fungua mdomo ujibu!"

Mimi nikaangua kicheko. Nilidhani ananifanyia vituko, maana ndiyo tabia yake. Nikacheka, na wengine wakanifuata. Kumbe anajaribu kuufungua. Macho yake yako kwangu. Halafu mgongo ukapinda kwa nyuma kama upinde, akaanguka, na fimbo ikamdondoka Mwalimu.

Akapakiwa kwenye tela la trekta mpaka hospitali. Pepopunda. Siku ya tatu mjomba wake akarudi kwa miguu, ameshika viatu vya bale mkononi. Akaviweka mlangoni mwa ukumbi, akaenda zake.

Nipeni maji kidogo. Asante, mama.

Sasa sikieni tulivyo sisi binadamu. Turubai ilikuwa shida, gundi hakuna. Wiki ile ile Mwalimu akaviokota vile viatu akanipa. Akasema, "Vitakutosha." Vikanitosha. Ndani, penye dole gumba, palikuwa na doa la kahawia. Nikavivaa. Safari ya Dar ikaahirishwa, wakubwa wakaja wao shambani, nami nikacheza mbele. Nilipigiwa makofi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Mpaka leo mvua ikipiga bati mimi natoka nje nilowe, kuliko kukaa ndani nikayasikia.

Baada ya hapo koo likafunga. Zamani nilikuwa sitaki kula, sasa nikawa siwezi. Tonge likifika hapa, taya linabana, namwona yeye. Nikilala nasikia fimbo, moja, mbili, tatu. Nikikaa na watu naona vidole vyao, nyuso sizioni. Mnanielewa? Sikutaka kuishi. Nilikuwa nakwenda kukaa kando ya lambo la shamba natazama maji. Walioniokoa ni vyura, jamani. Wanapiga kelele kama baraza la Wapare wenye kesi ya mpaka, mtu huwezi hata kufa kwa utulivu. Nikawa narudi nyumbani.

Mwaka haukwisha, mambo yakaachiwa, biashara ikawa huru. Mitumba ikaingia, sabuni za kila rangi zikajaa madukani, kilichotoweka ni pesa ya kuzinunulia. Shamba likauzwa. Kikundi kikavunjwa, ukumbi ukawa stoo ya magunia. Mwalimu akaondoka. Aliyemwona mara ya mwisho anasema alikuwa amekaa chini gulioni anauza viatu vya mitumba, na kila mteja anamwambia, "Vaa kwanza. Hakikubani?" Baba akapunguzwa kazi, tukapanda mlimani kwa babu.

Kijijini wakasema nimelogwa. Nikapelekwa huku, nikafukizwa kule, moshi niliomeza ungeivisha mahindi ya ukoo mzima. Bado siwezi kumeza. Uji nanyweshwa kwa kijiko, nao nusu unarudi. Mifupa inahesabika. Mama alikuwa ananibeba mgongoni, binti mkubwa vile, kama kitoto kichanga.

Ndipo mchana mmoja akaingia mama mmoja na kikapu kichwani, kanga imefifia kwa vumbi. Kashuka kutoka Kighare mpaka Mwanga, kapanda basi mpaka Same, na mlima wetu kaupanda kwa miguu. Mama yake Mgweno. Alisikia kwamba yule rafiki wa mwanawe anakauka, akasema hawezi kusubiri mpaka aje kuambiwa kwamba huyu naye amezikwa. Kaleta mahindi na maharage ya shamba lake. Akaingia jikoni kwa mama, akapika makande kwa mikono yake mwenyewe, akanipakulia wa kwanza.

Sikula.

Nyie watoto wa mjini hamjui. Kwetu mfiwa akikupikia unakula, hata kama umeshiba mpaka masikioni. Ukikataa chakula cha mfiwa, umesema kwa sahani kwamba una jambo na marehemu wake. Babu yangu alikuwa mzee wa baraza, sauti yake kama lori bovu linalopanda mlima. Akaweka kijiko chini. Wajomba wakaacha kutafuna.

"Mjukuu wangu, kula."

Nikainamisha kichwa.

"Mama huyu kapanda mlima. Kula, au sema una nini na mwanawe."

Mama yangu akaanza kulia. "Baba, mtoto mgonjwa huyu! Hata changu hali!"

"Chako ni chakula," babu akasema. "Hiki ni swali."

Nikakitazama kile chakula. Nikasema. Nilisema yote, kidonda, unyuzi, kanga, kiapo. Nikasema na lile la pembeni, la kuhesabu anavyochechemea. Nikasema kwamba taya lilipobana mimi nilicheka.

Yule mama akainuka akatoka nje. Akaenda migombani. Tukamsikia. Mimi naigiza kila kitu, mnanijua, hata mbuzi anayezaa naigiza, lakini kilio kile siwaigizii. Jua lilitoka juu ya paa likafika zizini, na hakuna aliyegusa sahani. Akarudi macho mekundu, ameshika beseni la maji ya moto na chumvi. Akapiga magoti mbele yangu.

"Lete miguu."

"Mama, nisamehe."

"Huko sijafika. Lete miguu. Wa kwangu alinificha, na wewe ukanifichia. Leo sifichwi."

Miguu yangu nilikuwa naifunika mwaka mzima, hata mama hajaiona. Nikaitoa. Kucha tatu hazipo, kidole kimoja kimelala juu ya kingine, na kidonda kibichi kisigino chote. Akaviosha vidole kimoja kimoja, anavihesabu kwa Kigweno, na machozi yake yanadondokea humo humo. Alipomaliza cha kumi akachukua haragwe moja. Moja tu. Akalimenya ganda, akaniwekea mdomoni.

"Hili la kwake," akasema.

Nililitafuna lile haragwe, ndugu zangu, tangu jua likiwa zizini mpaka ng'ombe wenyewe wanaingia. Likashuka.

Akakaa kwetu wiki tano. Kesho yake maharage mawili, keshokutwa matatu, na akisema kula, hata babu anakula. Akanishusha zahanati nikachomwa sindano ya pepopunda, vidonda vikasafishwa. Na pale palikuwa na nesi mmoja, akawa ananiita kila Alhamisi, bila dawa, maneno tu. Ananiuliza, "Wiki hii umemwona?" Namjibu, "Nimemwona." "Alikuwa anafanya nini?" Mwanzoni nilisema, anabana meno. Wiki hadi wiki, anabana meno. Mpaka Alhamisi moja nikajikuta nasema, "Nilikuwa nimeanguka. Alikuwa ananicheka." Nesi akafunga daftari lake, akapangusa macho na pindo la gauni, akasema, "Nenda nyumbani, binti."

Kama mama Mgweno alinisamehe sijui. Neno lenyewe hakulitamka mpaka anakwenda kaburini. Ila siku ninaolewa alikaa jamvi la mama zangu, na posho ya mama, ile zawadi ya mzazi wa bibi harusi, akaidai kwa sauti. Mimi namkumbuka Mgweno kila siku. Sijapona hapo, na sitaki kupona hapo.

Nawashukuru. Namshukuru yeye aliyepanda mlima, namshukuru mama aliyenibeba mgongoni, yule nesi, na babu na swali lake gumu. Nawashukuru nanyi mnaoniachia nikae pale mlangoni kila Jumamosi. Mabinti wananiita Bibi Vidole. Hapiti mtu hajavua viatu nikamkagua, na mwenye kidonda hachezi, hata mama yake aje na polisi. Mizani mimi sitaki kuiona humu, labda mnipime mimi, nayo itakatika.

Wazazi, nguo za kuchezea mnazinunua, nywele mnawasuka. Nyumbani mwambie mtoto avue soksi. Mtazame mguu. Mtazame anavyokula, na akikwambia nimeshiba huko huko, mwulize huko wapi. Nanyi mabinti, rafiki akikuapisha unyamaze kuhusu kidonda, vunja kiapo. Akukasirikie. Akuchukie mpaka uzeeni, akiwa na meno yake yote na wajukuu. Mimi ningelipa chochote leo nichukiwe na Mgweno.

Msilie basi, mwenyekiti ataniambia nimeharibu kikao. Niwaambie siku niliyokula kweli nimalize. Ilikuwa wiki ile ya tano, mama Mgweno amefunga kikapu chake, kesho anaondoka. Ukoo mzima umekaa kuagana naye. Mimi mgonjwa nikapakuliwa kwanza. Nikamaliza sahani, nikasema, "Mama, niongeze." Mama Mgweno akajishika mdomo. Mama yangu akapiga kigelegele kilichosikika mpaka Usambara. Wakaniongeza, nikamaliza. Nikaomba tena. Wanawake wanalia wanapakua, wanalia wanapakua, mpaka nikakivuta chungu chenyewe miguuni nikaanza kukomba. Babu sahani yake haijapata hata haragwe. Anachungulia chungu, anaona sakafu ya chungu, machozi yanamtiririka ndevuni, akainua mikono miwili juu akapayuka, "Ee Mungu, tuliomba apone, hatukuomba atumalize!"